Salamu za Lugha Tatu

Leo mjukuu wangu amenichekesha, halafu akaniliza.

Kaja na malengo yake ya mwaka: Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Vyote kwa mpigo mmoja!

"Jaja, mbona unacheka?"

Nikamwambia, enzi za utawala wa wanajeshi, hapa hapa Kampala, mama yangu naye alitupangia lugha za mwaka. Kinubi, Kilugbara, Kikakwa, lugha za wanajeshi wenyewe. Salamu tu, za kumlainisha askari kwenye vizuizi vya barabarani. (Mliokuwepo mnavikumbuka.) Tulisalimiana kila jioni mezani. Ukikosea, chai hunywi!

"Na kuaga je, Jaja? Mlisemaje?"

Nikatafuta kichwani. Hamna, hata kwa lugha moja.

Mama hakutufundisha kuaga.

Alitaka turudi.