Niliishika hariri Mbale kwa mkono wangu, binti ami akaondoka nayo

Wakuu, habari za humu.

Kwa umri wangu nyote ni wajukuu zangu, lakini humu tunaitana wakuu, basi tuendelee hivyo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na aliyenichoma roho bado yu hai. Mkimkuta muulizeni.

Ni miaka ya hamsini, Jinja, bwawa linajengwa. Mimi mwari, nimeshaposwa. Kwetu Wanubi bibi arusi hujitanda nguo nzuri juu ya gauni, na zile za dukani baba hakuziweza.

Nikaenda Mbale kwa shangazi kutafuta. Nilifuatana na Zaituni, binti ami, aliyelelewa nyumbani kwetu. Pale sokoni waliuza nguo kuukuu zilizotoka majumbani mwa Wahindi na Wazungu. (Mitumba mnayopostia picha leo, sisi tuliianza zamani.)

Baba alikuwa na sharti moja tu: kitu cha wizi kisiingie kwake. Nguo nyingine sokoni zilikuwa zimeanuliwa kwenye kamba za watu, kila mtu alijua.

Muuzaji mmoja, Mgisu, mwenyeji wa hukohuko Mbale, akanipa kitambaa cha kijani kilichofifia, pindo lake jeusi kama limepakwa masizi. Nikakishika. Chepesi, kinateleza.

"Hii halili, dada," akasema. "Halili kabisa."

Nikajiambia, huyu sijamuuliza kitu, mbona anakimbilia kuniapia ni halali? Ana jambo. Nikakirudisha.

Zaituni akakidaka palepale. "Wewe hutaki? Basi mi nachukua."

Mimi nikanunua shuka la pamba lenye maua. Ndiyo, chekeni.

Kurudi Jinja, Zaituni akakifua, akakianika uani. Mke wa mwenye duka jirani, mama wa Kihindi, akapita, akasimama. Akalisugua lile pindo jeusi kwa kidole mpaka likaanza kung'aa.

"Wewe pata wapi hii?" akauliza. "Hii hariri safi. Uzi yake fedha kweli, hapana rangi."

Hariri.

Kumbe yule muuzaji alikuwa anachanganya r na l, kama wengi wa kwetu. Aliniambia ukweli, tena mara mbili, mimi nikasikia halali.

Harusi ikafika, ikawa yangu kwa jina tu. Wanawake walinipa mimi mkono, macho yakawa kwa Zaituni. Sikumtazama bwana arusi, nilikuwa namtazama yeye na pindo lake la fedha.

Na haikuishia hapo. Kaka wa mume wangu, mwenye duka la jumla Mbale, akaanza kuulizia yule binti wa hariri ni nani. Akamwoa. Mimi nikabaki Bugembe, hapo kando ya Jinja, na mume wangu, dereva tu, mtu mwema, sisemi kitu. Lakini kila Idi walikuja kwetu na gari lao, na Zaituni kajitanda kile kitambaa.

Wivu ulinikaa, wakuu, sifichi. Nilijifariji kwamba mwenzangu ana jicho. Aliijua hariri, mimi sikuijua, basi alistahili.

Idi iliyopita tumekaa, vikongwe wawili, nikamuuliza. Zaituni, ulijuaje siku ile kwamba ni hariri?

Akanishangaa. "Hariri mimi ningeijulia wapi? Nilimsikia anasema halali. Nikaona hii hata baba yako akiuliza, tunajibu."



Neno lilelile. Sikio bovu lilelile. Yeye likampa duka Mbale, mimi likanipa maua ya pamba.

Somo: muuzaji akisema neno, mwambie arudie polepole, hata akikuona mshamba.

Haya, comment ziko wazi. Nani mwingine aliachia kitu mkononi kikaenda kwa ndugu? Ila asije mtu hapa kuniambia niridhike. Angekuwa mjanja, ningeshamsamehe zamani.