Mkate wa Ng'ambo ya Reli

Verona Plummer alisimama mbele ya watoto tisini wa darasa la tisa, kusini mwa London, na karatasi ya hotuba aliyokwisha kukatiwa maneno na mwalimu wa nidhamu, Bwana Hargreave. Damu, imefutwa. Hofu, imefutwa. Kilichobaki ni hekima ya bei rahisi: asiyebeba kisu hurudi nyumbani salama. Miaka minne Verona alikuwa akiimba wimbo huo shule hadi shule, na moyoni akijua ni uongo mtupu.

Maana Kemar, mwanawe, hakubeba. Jumamosi ile asubuhi mama mtu alikikuta kisu cha jikoni kwenye begi la mtoto, akakirudisha kwenye droo na kumporomoshea maneno mpaka majirani wakasikia. Kisha akamtuma mkate wa Kijamaika, ule mzito wa kulia samaki wa chumvi, dukani ng'ambo ya reli.

"Mama, kule siendi. Kule si kwetu."

"Si kwenu? Umenunua mtaa wewe? Acha uvivu, toka!"

Miaka ishirini Verona alivuka daraja lile na vikapu vyake, asijue kwamba vijana walikuwa wameligeuza mpaka. Kemar akaenda. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Ukumbini, karatasi ilikuwa inaelekea mwisho msichana mmoja wa nyuma, Jodiann, aliponyoosha mkono.

"Samahani, Anti. Kaka yangu anasema usipobeba ndiyo wanakumaliza. Mwanao angekuwa nacho, si angerudi?"

Watoto wakaguna. Hargreave akainuka kitini. Verona akaikunja karatasi.

"Nilimnyang'anya mimi," alisema. "Kama angerudi sijui, mwanangu. Aliyemchoma aliiambia mahakama kwamba alimwona Kemar anaingiza mkono mfukoni, akadhani anatoa kisu. Alikuwa anatoa simu. Yule naye mtoto, anatetemeka. Kisu alichokiogopa kilikuwa kwenye droo yangu! Mnauana kwa woga tu. Mkiogopa, semeni. Wangu alisema, mimi ndiye sikusikia."

Hakuna aliyecheka. Jodiann alijifuta macho kwa mkono wa sweta, na Verona akaona leo, angalau leo, amezungumza na mtu.

Alipotoka ukumbini alimkuta Jodiann kwenye ujia, mikono ukutani. Begi lake lilikuwa limemwagwa sakafuni: madaftari, chanuo, biskuti zilizovunjika. Hargreave alikuwa anapapasa mifuko ya begi.

"Utaratibu tu, Bi Plummer. Mtoto akiuliza swali kama lile, lazima tukague."

"Ameuliza kwa sababu anaogopa!"

"Ndiyo maana tunakagua."

Hakikupatikana kitu. Verona aliinama kumsaidia kuokota, lakini msichana aliuondoa mkono wa Verona.

"Acha tu, Anti," alisema bila kumtazama. "Siulizi tena."