Kiganja na Mshale

Fundi wa magari wa Kamina hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na kiganja cha kulia, kigumu kama ngozi ya ngoma, na Salamu Maria. Aliweka kiganja juu ya rejeta akasali taratibu; injini iliyomwacha afike Amina ilikuwa nzima, na iliyomfukuza kabla ya jina la Yesu alisema izimwe. Siku hizi mafundi wanasoma vioo vya vipimo, na injini zinaungua wakiwa wanasoma.

Jioni ile Umba, dereva wa lori la pamba, alisimama kando, kofia mkononi. Patron, mwenye lori, alikuwa ameona mshale wa joto kwenye nyekundu, akamwambia, “Weye umeunguza motere. Kesho usikuje.” Fundi akaweka kiganja, akasali, Umba akimfuata kimoyomoyo hadi Amina. Kisha fundi akawasha taa za mbele, mshale ukaruka hadi nyekundu. Akazizima, ukashuka. “Motere haiko mugonjwa, Patron. Ni mushale njo iko inadanganya.” Akafungua bolti iliyoshika waya wa umeme kwenye bodi, akakwangua kutu, akaikaza. Taa zikawaka tena, mshale haukutikisika.

Patron hakuridhika. Akaweka kiganja chake mwenyewe cha kulia kwenye rejeta, na fundi, bila kucheka, akaanza kumsalia Salamu Maria. Jina la Yesu halijafikiwa, Patron akaruka akipuliza vidole.

“Iko moto!”

“Hapana, Patron. Hiyo iko mukono ya kalamu.”

Patron akachomoa ufunguo, akamtupia Umba kwa mkono wa kushoto.