Picha ya Kaka Yangu Kwenye Simu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute mapambo humu. Aliyesoma ni kaka yangu. Alifika chuo, akaandamana na wenzake kudai mwenzao arudishwe darasani, akafukuzwa. Alirudi kwetu Kamanga na sanduku la bati. Majirani hawakuja hata kumpa pole. Waliogopa kuonekana na mtu aliyegombana na wakubwa. Akalima pamba, hakuoa. Alipofariki tulimzika watu wa nyumbani tu. Mikeka haikutandikwa uani, na hapakuwa na moto nje wa wanaume kuota. Nililia jikoni peke yangu.

Toka hapo msiba wowote nakwenda. Napeleka unga, nakaa, naangalia watu walivyojaa, kisha narudi zangu nyumbani Mkuyuni.

Mwaka huu mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo hapa Mwanza, akaja na kazi ya mwalimu wa historia.

"Bibi, kila mmoja anachagua mwanafunzi wa zamani aliyegoma, anamfungulia ukurasa mtandaoni, anaandika kama vile ndiye yeye. Wenzetu wanamuuliza maswali."

"Na maksi anapewa nani, wewe au marehemu?"

"Bibi nawe!"

Nikampa picha, ile moja tuliyobaki nayo. Akaniuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu. Kaka alikuwa anacheka vipi? Alijuta? Nikamwambia hakujuta, ila alikuwa anakula peke yake. Akaandika hivyo hivyo. Picha akaiweka na kwenye status yake, majirani wote wakaiona.

Sasa huku kwetu picha ya zamani isiyo na rangi ikionekana kwenye simu, hakuna anayesoma maneno ya chini. Watu wanafunga kanga, wanachukua unga. Asubuhi nachambua dagaa, nasikia hodi. Kufungua, wanawake wa mtaa mzima wako uani na mabeseni.

"Shikamoo mama, pole sana. Ni nani amefariki?"

"Marahaba. Ni kaka yangu. Alifariki Kamanga, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa."

Wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga, kicheko kikamponyoka. "Jamani! Tumemletea unga marehemu wa enzi hizo? Twendeni zetu."

Mjukuu wangu akatoka mbio, simu mkononi. "Bibi nisamehe, naifuta sasa hivi. Ngoja niwaambie warudi makwao."

Walishaanza kuinua mabeseni. Nikawaangalia. Uwanja ulijaa mpaka kwenye kamba ya nguo, na wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya kaka yangu.

"Usifute kitu," nikamwambia. "Toa mikeka yote, bandika chai kwenye sufuria kubwa, na mwambie baba yako awashe moto nje. Wakishakaa, wasomee alichoandika babu yako, tangu mwanzo, na usiruke neno."