Duara Lisilokaliwa

Mchoro wangu wa kwanza kujengwa ulikuwa duara la mabenchi katikati ya ua wa nyumba tulizopanga, nyuma ya mtaa wa Al Jaddaf, huku ughaibuni, na kwa muda mrefu aliyelikalia alikuwa paka.

Sikusomea kazi ile. Kampuni iliyosimamia nyumba zetu iliniajiri nipike chai na kufagia ofisi. Michoro iliyotupwa niliiokota pipani, nikaitandaza kwenye meza ya jikoni na kuiga mistari yake mpaka nikajua mlango unachorwaje na dirisha linachorwaje. Nilikuwa mtu wa kunyoosha. Vijiko vya chai nilivipanga vyote vielekee upande mmoja, na mtu akikigeuza kimoja, roho yangu haikutulia mpaka nikirudishe. Siku mhandisi wa kampuni aliposema anatafuta wazo kuhusu ua wetu, nilimpelekea karatasi kabla hajamaliza kikombe.

Nyumba zenyewe zilijengwa zamani na serikali kwa ajili ya wenyeji. Walipohamia majumba makubwa, tukaingia sisi: wahudumu wa hoteli za Al Garhoud, walinzi, wapishi, wafanya usafi. Vyumbani tulilala kwenye vitanda vya juu na chini, na ukitaka kunyoosha miguu, au kulia kidogo bila kuulizwa, ulitoka uani. Ndiyo maana maneno ya mhandisi yalinikosesha usingizi.

"Wakubwa wanataka maegesho ya magari," aliniambia. "Nimewaomba tujaribu mchoro wako kwanza. Nitakuja Ijumaa moja. Nikikuta hapakaliwi, khalas, basi, tunapaka mistari ya magari."

Kabla yangu, ua ulikuwa vurugu tupu. Kwenye kona yenye kivuli, nyuma ya stoo, palikuwa na ngazi tatu zisizokwenda popote, mabaki ya mlango uliokwisha kuzibwa, kila moja na kimo chake. Ziliniuma kama jino bovu. Kwenye mchoro nilizifuta kwa raha kubwa. Mafundi wakazivunja, na matofali ya sakafu yaliyobaki wakayalundika palepale.

Duara likakamilika. Ijumaa ya kwanza nilitoka na chai ya tangawizi kupokea pongezi. Jirani yangu Mkenya, aliyekuwa mhudumu wa hoteli siku nyingine zote na msusi siku ya Ijumaa, alikuwa amesimama mlangoni, chanuo limechomekwa nyweleni.

"Dada, njoo ukae," nikamwita.

"Wapi?"

"Si hapa?"

"Hapo katikati? Kama keki ya harusi?" Akaangua kicheko. "Wewe msichana! Mteja wangu ni mtu wa ushungi. Nimfunue hapo, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, na lango liko wazi hivyo? Dereva wa gari la maji atasimama apige makofi."

"Si ageukie huku."

"Na huku wamekaa wanaume. Hilo duara lako halina nyuma, mpenzi. Ni mbele tu, kila upande."

Nikamwendea mlinzi wa lango, Mganda mpole aliyekalia kreti la soda, mgongo ukutani.

"Nyabo, benchi ni nzuri," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Lakini mlinzi akiligeuzia lango mgongo, huyo si mlinzi tena. Ni mgeni."

"Yapo yanayotazama lango."

"Hayo yana jua. Jua likipungua, nitakuja."

"Litapungua lini?"

"Inshallah Disemba."

Nilileta mito. Nilileta maua ya plastiki. Nilikaa pale peke yangu na kuzungumza kwa sauti ya furaha kwenye simu iliyozimwa, ili watu wavutiwe. Hakuna aliyevutiwa, ila msusi aliniuliza kama simu yangu ni nzima. Mwisho nilimwomba mlinzi apulize filimbi akiona gari la mhandisi.

Ijumaa moja filimbi ikalia. Nilikimbia chumba cha wanaume wa zamu ya usiku, nikawaamsha watatu na kuwasukuma nje na shuka zao kiunoni. Wakakaa kila mmoja na benchi lake, mikono magotini, kama wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Mnakaa hapa kila siku?" mhandisi akawauliza kwa Kiingereza.

"Kila siku, sir," mmoja akajibu, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Tukalale saa ngapi?"

Mhandisi hakuhitaji tafsiri. Alinitazama, akatazama lango, na mimi nikaanza kuona mistari ya magari. Ndipo kicheko kikubwa kikalipuka nyuma ya stoo. Akaenda kukifuata, nami nyuma yake.

Wanawake walikuwa kwenye lile lundo la matofali, wameyapanga kwa vimo tofauti. Msusi juu, mteja wake chini, wengine kando wakichambua mchele. Shuka kuukuu ilikuwa imetundikwa kutoka mlango wa stoo hadi kwenye bomba, lakini upepo ulikuwa umeikunja upande mmoja.

"Sir! Sir! Usije!" wakapiga kelele.

Mhandisi aligeuka upesi, akabaki ametazama ukuta, mikono nyuma.

"Nani alichora sehemu hii?" akauliza ule ukuta.

Ulimi uliniwasha niseme ni mimi. "Hakuna, sir. Ni masalio. Nimemwambia fundi aje ayaondoe kesho."

"Akiyaondoa nitamnyoa!" msusi akapiga kelele kutoka nyuma ya shuka.

Mabega ya mhandisi yakatikisika kwa kicheko. "Basi magari yatafute kwingine. Na mabenchi yaende ukutani, upande wa kivuli. Yalla, haraka, nipimie kona hii, unichoree ilivyo. Ilivyo, sio unavyopenda."

Nikaleta tepu, nikaomba watu wasimame kidogo.

"Pima tukiwa humuhumu," msusi akaamuru.

Nilipitisha tepu chini ya miguu yao. Kila nilipopata kipimo, mtu alijisogeza na tofali likaenda naye. Nilifuta na kuandika, nikafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Mwishowe, kwa mara ya kwanza maishani, niliandika "takriban" pembeni ya kila namba, kama mtu anayetia saini uongo.

Msusi akainama, chanuo mdomoni, akautazama mchoro kwa makini.

"Sasa," akasema, "mbona mimi simo?"