Muuzaji Asiyetaka Kuuza

Mara tatu Velda Stuckey alifika kwenye zizi la muuzaji mmoja wa farasi, nje kidogo ya mji mdogo wa Oklahoma, na mara tatu alirudi na tela tupu. Farasi mmoja alimvutia sana: jike mwekundu mwenye mwendo wa pole. Muuzaji alimpanda akiwa na kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni, akazunguka uwanja mzima bila kumwaga tone. Kisha alishuka, akapangusa viganja kwenye jinzi, na kuanza kumchongea mnyama wake mwenyewe.

"Anaogopa mifuko ya plastiki, dada. Halafu anakoroma."

"Marehemu mume wangu naye alikoroma, na nilikaa naye miaka thelathini."

"Huyu anataka kusuguliwa mgongo kila asubuhi. Ulikuwa ukimsugua?"

"Nani, mume?"

Muuzaji hakucheka. Vidole vyake vinene vilikuwa vikichambua majani makavu kwenye singa za farasi, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Mara ya nne Velda hakubishana tena. Alimfungua farasi akamwingiza kwenye tela. Muuzaji akatia saini hati ya mauzo, akasema kwa sauti kavu kwamba biashara ni biashara.

Velda alipofika getini kwake, maili ishirini mbele, pikapu ya muuzaji ikasimama nyuma yake.

"Kuna nini tena?"

"Nimekuja kuangalia kama geti lako linafunga," alisema, macho yakiwa kwenye tela.

Velda akalifungua geti. "Haya, mshushe uingie naye. Ujaribu kulifunga ukiwa ndani."