Sanda Mtungini

Juzi, katika jumba la makumbusho hapa Toronto, niliona ndani ya kabati la kioo mtungi wa kale wa Kichina unaong'aa kama asali, nikasikia harufu ya karafuu maiti. Bibi alikuwa na mtungi kama huo kwenye fleti yetu ya mtaa wa Weston, nilipokuwa mtoto. Alasiri moja niliufunua, nikakuta kitambaa cheupe.

"Sanda yangu hiyo, mwanangu," alisema Bibi. "Niliichovya kwenye maji ya Zamzam nilipokwenda kuhiji. Irudishe."

Niliamini kifo huifuata sanda ilipo. Bibi alipoanza kuswali, niliichomoa, nikaificha chini ya godoro langu. Nikaketi juu yake, treni ikinguruma nje, mpaka nikatambua kwamba sasa kifo kitakuja kwangu.

Kabla Bibi hajatoa salamu ya kumaliza swala, nilikuwa nimeshairudisha mtungini.

Leo najua kifo hakifuati nguo. Lakini juzi, mbele ya kioo kile, nilimwomba Bibi radhi kwa kumrudishia.